Vazi la Kiume na Jicho la Mpenzi: Wahusika wa Kike Waliojigeuza Wanaume katika Riwaya Tatu za Georgette Heyer

Mbinu ya mhusika wa kike kuvaa mavazi ya kiume ni kongwe katika fasihi za mataifa mengi, na msomaji wa Kiswahili haihitaji kuifuata mbali. Katika visa vya Alfu Lela u Lela, Budur, binti wa mfalme, anaamka hemani na kumkosa mumewe Kamaruzamani. Anavaa nguo za mume huyo, anaingia katika nchi ya ugenini akidhaniwa kuwa mwanamfalme, na haupiti muda mrefu kabla hajakalia kiti cha enzi na kuozwa binti wa mfalme aliyemtangulia. Katika Mabepari wa Venisi, tafsiri ya Julius Nyerere iliyochapishwa mwaka 1969, Portia anaingia mahakamani katika joho la mwanasheria na kuishinda kesi ambayo wanaume wote waliokuwapo walikuwa wamekwisha kukata tamaa nayo. Wawili hawa wanatofautiana kwa mengi, lakini wana jambo moja linalowaunganisha, na jambo hilo ndilo msingi wa makala haya: mume hamtambui mkewe. Kamaruzamani anasimama mbele ya Budur akitetemeka kwa hofu ya mfalme asiyemjua. Bassanio anaitoa pete aliyoapa kutoivua, na anayempa ni mke yule yule aliyemwapia. Ujuzi wote uko mikononi mwa mwanamke, naye hauachilii mpaka aridhike.

Riwaya ya mahaba ya kihistoria ya Kiingereza ya karne ya 20 iliirithi mbinu hii na kuitumia kwa wingi. Anayestahili kutazamwa kwanza ni Georgette Heyer (1902-1974), mzaliwa wa Wimbledon, ambaye riwaya zake ndizo zilizoweka kigezo kilichofuatwa na waandishi wengi wa tanzu hiyo. Riwaya zake tatu zinamweka msichana aliyevaa kiume katikati ya msuko: These Old Shades (1926), The Masqueraders (1928) na The Corinthian (1940). Kwa miaka mingi wahakiki wa vyuo vikuu hawakumjali Heyer. A. S. Byatt alijitokeza mwaka 1969 kumtetea kwamba alikuwa mwandishi bora kuliko watu walivyodhani, lakini utetezi huo ulihusu zaidi ustadi wake wa lugha na utafiti wake wa historia. Kuhusu mavazi, uhakiki uliofuata umegawanyika pande mbili. Upande mmoja unaona katika suruali ya msichana ukombozi: anatembea usiku, anashika upanga, anacheza kamari, anasema atakalo. Upande wa pili, ambao unaweza kuegemezwa kwenye utafiti wa Radway (1984) juu ya wasomaji wa riwaya pendwa huko Marekani, unaona likizo fupi tu: msichana anapewa uhuru kwa kurasa mia mbili ili arudishwe kwenye gauni na ndoa akiwa ameridhika.

Pande zote mbili zinauliza swali moja, nalo ni iwapo vazi linamweka huru mwanamke. Makala haya yanadai kwamba swali hilo limewekwa pasipo mahali pake. Linalofaa kuulizwa kwanza ni nani anayejua. Kati ya Portia na wasichana wa Heyer yametokea mageuzi ambayo hayajaangaliwa ipasavyo: ujuzi umehama kutoka kwa aliyevaa vazi na kuingia katika jicho la mwanamume anayempenda.

These Old Shades inaanzia Paris katika enzi ya Louis XV. Justin Alastair, Duki wa Avon, anatembea usiku akitoka katika starehe zake, na mvulana mwenye nywele nyekundu anamgonga akimkimbia kaka yake. Avon anamtazama usoni, anatulia kidogo, kisha anamnunua papo hapo kwa johari aliyoivua mavazini mwake. Mvulana huyo, Léon, anakuwa mtumishi wake, anasimama nyuma ya kiti chake katika nyumba za kamari na kupelekwa mpaka Versailles. Baada ya kurasa nyingi ndipo Avon anapomwambia kwamba jina lake ni Léonie, na kwamba yeye Avon alilijua hilo tangu mwanzo. Msichana aliyeishi miaka saba kama mvulana, aliyeosha vyombo katika mkahawa wa kaka yake bila mtu kumshuku, alionwa na bwana huyu tangu usiku wa kwanza.

Ufichuzi huo una athari ya kurudi nyuma. Kila tukio ambalo msomaji alidhani kuwa ni ushujaa wa Léonie wa kuilinda siri yake linageuka kuwa ni uvumilivu wa Avon wa kumwacha ailinde. Aliyekuwa akiigiza hakuwa na habari kwamba ana mtazamaji. Ikilinganishwa na mchezo wa pete katika Mabepari wa Venisi, hali imepinduka kabisa: Portia humchezea Bassanio, lakini Avon humchezea Léonie. Na kwa kuwa Avon ana umri unaokaribia kuwa mara mbili ya ule wa Léonie, na ndiye aliyemlipia bei, mchezo huo si wa watu walio sawa. Msomaji wa Afrika Mashariki hawezi kupita haraka tukio lile la kununuliwa. Heyer analiandika kwa wepesi wa kuchekesha, na Léonie mwenyewe analikumbuka baadaye kwa shukrani. Hata hivyo, ni mtu aliyeuzwa njiani na ndugu yake, na riwaya haioni haja ya kulirudia jambo hilo isipokuwa kama kumbukumbu tamu ya wapenzi.

The Corinthian inaufupisha muda wa kutojua mpaka unakaribia kutoweka. Sir Richard Wyndham, mtanashati wa London wa mwanzoni mwa karne ya 19, anarudi nyumbani usiku akiwa amelewa na amechoshwa na ndoa anayotakiwa kuifunga. Anamkuta kijana akiteremka kutoka dirishani kwa mashuka yaliyofungwa mafundo. Anamdaka, na katika kumdaka anatambua kwamba ni msichana. Ni Penelope Creed, mrithi wa mali nyingi, anayemtoroka shangazi anayetaka kumwoza binamu mwenye uso kama wa samaki. Hapa hapana siri baina ya wawili hao hata kidogo. Vazi la kiume linabaki kuwa la kuwadanganya wengine: wenye nyumba za wageni, abiria, hakimu. Richard anageuka kuwa mlezi wa uongo huo. Ni yeye anayemsawazishia Pen kitambaa cha shingoni na kumwonyesha jinsi mvulana wa kiungwana anavyokaa. Kwa maneno mengine, mwanamume ndiye anayemfundisha msichana namna ya kuwa mwanamume. Riwaya hii inachekesha kuliko zote tatu, na pengine ndiyo sababu haijasomwa kwa makini.

Suala la nani anajua haliwezi kutenganishwa na suala la lugha. Kiingereza humlazimisha msimulizi kuchagua jinsia kila anapotumia kiwakilishi cha nafsi ya tatu. Katika sura za mwanzo za These Old Shades, Heyer anamtaja Léon kwa viwakilishi vya kiume, maana yake ni kwamba msimulizi anashiriki uongo. Pindi siri inapotoka, viwakilishi vinabadilika, na msomaji anahisi mabadiliko hayo kama mlango unaofungwa nyuma ya mhusika. Sarufi yenyewe imemvua suruali. Katika kurasa za kwanza za The Masqueraders pia, ndugu wawili wanatajwa kwa majina na viwakilishi vya jinsia wanazoziigiza, kisha chumba kinapofungwa na mavazi ya safari kuwekwa kando, viwakilishi vinageuka navyo.

Kiswahili hakina mlango huo. Kiambishi cha nafsi a- hakijui mume wala mke. "Alikimbia" ni alikimbia. Msimulizi wa Kiswahili angeweza kumfuata Léon kwa sura kumi bila kusema uongo hata mmoja wa kisarufi, na msomaji angefikia ufichuzi bila kuwa na haki ya kulalamika kwamba alidanganywa. Uongo ungelazimika kuhamia kwingine: kwenye majina ya heshima na ya udugu. Mkahawani Léon angeitwa "mdogo wangu", neno lisilofichua kitu. Lakini mbele ya Avon angepaswa kuitwa "kijana" au "mwanangu", na Kate Merriot, ambaye kwa kweli ni mwanamume, angeitwa "bibie" na kila mpita njia. Mtafsiri ambaye angethubutu kazi hii angegundua kwamba riwaya ya Kiingereza inayomfanya mhusika awe wa kiume au wa kike katika kila sentensi ingegeuka, kwa Kiswahili, kuwa riwaya ambayo jinsia ni jambo la watu wanavyoitana. Huenda hiyo ingekuwa riwaya bora zaidi. Inafaa kukumbukwa pia kwamba Léonie anadhaniwa kusema Kifaransa, lugha ambayo humtaka msemaji aoanishe vivumishi na jinsia yake mwenyewe. Kwa miaka saba msichana huyo alilazimika kujisema kiume kila alipotaja kuwa ameridhika au amekasirika. Kiingereza cha Heyer kinaifunika kazi hiyo ngumu kabisa, na riwaya haiigusii, ilhali hakuna sehemu ya kujigeuza iliyo nzito kuliko hiyo.

Iwapo jinsia katika riwaya hizi huvaliwa na kuvuliwa kwa urahisi, liko jambo lingine lisilovulika. Léonie, kama inavyobainika, ni binti halisi wa Comte de Saint-Vire. Bwana huyo, akimchukia mdogo wake na asitake amrithi, alimtoa binti aliyezaliwa na mkewe na kumchukua mahali pake mtoto wa kiume wa mkulima. Avon aliyaona hayo pia usiku ule wa kwanza, maana nywele nyekundu na nyusi nyeusi za Léon ni za ukoo wa Saint-Vire. Kumbe alichokitambua hakikuwa mwanamke tu, alitambua damu. Msichana aliyelelewa na wakulima na kuosha vyombo mkahawani ana kiburi, ulimi na miondoko ya kikabaila kwa sababu amezaliwa navyo. Kwa upande wa pili yuko yule kijana aliyebadilishwa, anayeitwa Vicomte de Valmé. Amelelewa katika jumba, amefundishwa dansi na upanga, na bado ni mzito wa mwili na mawazo yake yote yako shambani.

Huyo Valmé ndiye aliyevalishwa vazi lisilo lake kwa uhakika zaidi kuliko mtu mwingine yeyote katika kitabu. Hakuulizwa. Alivishwa ukabaila akiwa mchanga, akaishi ndani yake miaka kumi na tisa, na mwili wake ukamsaliti. Wahakiki wanaoshangilia wepesi wa Heyer wa kuvusha mipaka ya jinsia hawana budi kumtazama kijana huyu, kwa kuwa kupitia kwake riwaya inatangaza kwamba upo mpaka ambao hakuna fundi cherehani awezaye kumvusha mtu. Garber (1992) aliwalaumu wahakiki kwa kumtazama mhusika aliyejigeuza kana kwamba ni kioo cha dirisha, wakitafuta kilicho nyuma yake badala ya kumtazama yeye. Lawama hiyo ni ya haki, lakini kwa These Old Shades inakwama, kwa sababu riwaya yenyewe ndiyo inayomfanya Léonie dirisha. Nyuma yake kumewekwa nasaba, na msuko mzima unakimbilia huko. Hata pale Léonie anapomtoroka Avon karibu na mwisho, hatoroki kwa aibu ya kuwahi kuvaa suruali. Anatoroka kwa sababu ameaminishwa na Saint-Vire kwamba ni mwana wa haramu, na mwana wa haramu hamfai Duki. Suruali ni mzaha. Damu si mzaha.

Ulinganisho na historia unalitia nguvu jambo hili. Hannah Snell, aliyezaliwa Worcester mwaka 1723, alijiita James Gray, akatumikia jeshi la wanamaji wa Uingereza, akafika India na kujeruhiwa vitani, kisha akaitoa siri yake mwaka 1750. Alionyeshwa jukwaani London akiwa katika sare, akapata pensheni ya askari. Alikuwa mwanamke wa tabaka la chini, alivaa kiume kwa haja, na nyuma ya sare yake hapakuwa na urithi wowote uliokuwa ukimngoja. Miaka yake ya kujigeuza ni ile ile ambamo Heyer ameiweka The Masqueraders, mara baada ya uasi wa wafuasi wa ukoo wa Stuart wa mwaka 1745. Si kosa la mwandishi wa mahaba kutomwandika Snell. Lakini kuwapo kwake katika historia kunaonyesha kwamba uhuru wa Léonie na Pen haukutokana na vazi peke yake. Ni uhuru uliokopeshwa na tabaka, na mkopeshaji hujulikana mwishoni.

The Masqueraders ndiyo riwaya inayofanya kanuni hii iyumbe, na kwa sababu hiyo ndiyo inayostahili kusomwa kwa uangalifu mkubwa zaidi. Iliandikwa Tanganyika. Mume wa Heyer, Ronald Rougier, alikuwa mhandisi wa madini aliyepelekwa huko kikazi, na mwandishi akamfuata na kuishi naye porini katika nyumba ya nyasi, mbali na maktaba zote. Humo ndimo alimoandika juu ya London ya karne ya 18, vyumba vyake vya kamari, mavazi yake ya hariri na panga zake nyembamba. Hakuna mti wala neno la Tanganyika katika kitabu hicho. Alichokiona Afrika alikiweka kando kwa ajili ya makala ya gazeti iliyochapishwa mwaka 1929. Haitakuwa halali kudai, bila ushahidi, kwamba mazingira ya utawala wa Waingereza yaliingia katika msuko wa riwaya. Linaloweza kusemwa ni kwamba riwaya inayouliza ni kitu gani kinachomfanya mtu aaminike kuwa muungwana iliandikwa mahali ambapo maisha ya kila siku yalitegemea jibu la swali hilo kuwa wazi na kutoulizwa na mtu yeyote.

Prudence na nduguye Robin wamebadilishana: yeye ni Bw. Peter Merriot, nduguye ni Bi. Kate Merriot. Wanajificha kwa sababu Robin alishiriki katika uasi, na wametii mpango wa baba yao, laghai mwenye madaha ambaye mara anajitokeza akidai kwamba yeye ndiye Lodi wa Barham aliyepotea. Tofauti na Léonie, Prudence hajigeuzi kwa kubahatika. Hii ni kazi aliyoisomea tangu utotoni kwa kuzunguka Ulaya na baba yake. Heyer anaionyesha kama ufundi: anavyosimama, anavyonyamaza mahali ambapo mvulana angejisifu, anavyoimimina divai katika mkono wa koti lake chini ya lesi ili abaki na akili timamu miongoni mwa walevi. Kitendo hicho kidogo cha divai kina uzito kuliko mapambano yote ya panga, kwani kinaonyesha kuwa uanaume wa mezani ni utaratibu wa ishara, na mwenye kuzijua ishara hizo hahitaji kinywaji.

Robin naye ni upande wa pili wa kioo. Akiwa Kate, anapepea kipepeo chake, anarembua, anazimia kwa wakati ufaao, na wanaume wanamwona kuwa mwanamke kamili kuliko wanawake waliopo. Mwaka uliofuata kuchapishwa kwa riwaya hii, mtaalamu wa saikolojia Joan Riviere (1929) alitoa makala yake maarufu inayodai kwamba uanauke unaweza kuvaliwa kama barakoa. Hakuna sababu ya kudhani kwamba mmoja alimsoma mwenzake. Hata hivyo, Robin ni mfano ambao Riviere angeuhitaji, na unakwenda mbali zaidi, kwa kuwa chini ya barakoa ya Robin hakuna mwanamke.

Sir Anthony Fanshawe, mpenzi wa Prudence, ni mtu mkubwa wa mwili mwenye macho yanayodhaniwa ya usingizi. Yeye pia anatambua; kanuni ya Heyer haivunjwi. Lakini anachelewa, na katika kuchelewa huko ndimo mna thamani ya kitabu. Kabla ya kujua lolote amemfanya Peter Merriot kuwa rafiki: amemkaribisha mezani, amecheza naye kamari, amempenda kama mtu mdogo anayejua kunyamaza. Mahaba yanapokuja yanakuta urafiki umekwisha kukaa. Prudence anapochokozwa ili apigane na Rensley, Anthony anamwahi kwa kumchokoza Rensley yeye mwenyewe, na msomaji hana hakika kama anamlinda rafiki mdogo au mwanamke anayemshuku. Pengine Anthony mwenyewe hajui. Hapana mahali pengine katika riwaya hizi tatu ambapo mwanamume anaachwa ndani ya mashaka kiasi hicho, na hapana mahali pengine ambapo mwanamke anapata kujua jinsi mwanamume huyo alivyo anapokuwa na wanaume wenzake. Portia aliupata ujuzi huo mahakamani, alipomsikia Bassanio akisema yuko tayari kumtoa mke kafara ili rafiki apone. Prudence anaupata mezani, nao ni wa kumfariji.

Kisha linakuja suala la damu. Anthony, akiisha kujua, anataka kumwoa Prudence mara moja, bila jina wala mali, akiwa binti wa laghai. Prudence anakataa. Hataki kuolewa kabla dai la baba yake halijathibitishwa. Kukataa huku kumesomwa kama unyofu wa tabia, na riwaya inamsifu kwa hilo. Lakini kwa hakika ni pale mwandishi anapouchungulia mwisho mwingine na kurudi nyuma. Mwanamume amekwisha kusema kwamba nasaba si kitu. Ufundi wa Prudence umekwisha kuthibitisha kwamba uungwana hufundishika. Vyote vilivyohitajika ili kanuni ya Saint-Vire ivunjwe viko mezani, na anayekataa kuivunja ni mwanamke mwenyewe. Laiti yule laghai angebaki kuwa laghai! Badala yake anathibitika kuwa ndiye Lodi wa Barham kweli, na ufundi wote wa watoto wake unahesabiwa upya kama urithi uliokuwa ukingoja. Mwisho huo unafurahisha, umepangwa kwa ustadi, na ni woga.

Woga huo haupaswi kuchukuliwa kama sheria ya tanzu. Alfu Lela u Lela haikuuogopa mwisho wa aina nyingine: Zumurrud, mtumwa aliyeuzwa sokoni, anaingia mji wa ugenini katika nguo za askari na kufanywa mfalme, na hakuna nasaba inayochimbuliwa baadaye ili kuhalalisha utawala wake. Anahukumu, anaadhibu, anamngoja bwana wake Ali Shar aje, na anapofika anamchezea kwanza kabla ya kujitambulisha. Kisa hicho kina ukatili na mzaha wa kilimwengu ambao Heyer asingeuruhusu, lakini juu ya jambo hili moja kina ujasiri zaidi. Budur na Zumurrud wanapewa ufalme, Portia anapewa mahakama. Wasichana wa Heyer wanapewa safari, meza ya kamari na upanga wa kujifunzia. Hakuna hata mmoja wao anayetumia vazi la kiume kufanya kazi ya kiume yenye kuwafaa watu wengine. Pen anajihusisha na mauaji na mkufu ulioibwa, lakini anayeyatatua mbele ya hakimu ni Richard.

Hata hivyo, The Corinthian ina jambo moja ambalo halimo katika zile mbili. Léonie anamaliza kitabu akiwa katika gauni la Duchess, na katika Devil's Cub (1932) anaonekana kama mama wa makamo ambaye bado anazungumzia silaha kwa hamu, jambo linalochukuliwa na familia kuwa kichekesho. Prudence anapelekwa kwa dada yake Anthony na kurudishwa mbele ya watu akiwa mwanamke. Pen peke yake anabaki katika suruali mpaka ukurasa wa mwisho. Anarudi London kwa gari la abiria la kukokotwa na farasi. Richard anamfuata, analisimamisha gari, anamteremsha, na kumkumbatia barabarani mchana kweupe. Abiria wanaona muungwana akimbusu mvulana. Katika Uingereza ya wakati huo mahusiano ya kimapenzi baina ya wanaume yangeweza kumfikisha mtu kwenye kitanzi, na Heyer, mtafiti makini kama alivyokuwa, hakosi kulijua hilo. Ameligeuza kuwa kicheko. Lakini ni kicheko chenye makali. Katika riwaya tatu nzima, kila anayehitaji kuelezwa ameelezwa: ndugu, wakwe, mahakimu, mfalme. Abiria wale hawaelezwi. Richard hajisumbui, Pen hajisumbui, na msimulizi, ambaye angeweza kuwatoa wasiwasi kwa kiwakilishi kimoja cha kike kikisemwa kwa sauti, anaacha gari liondoke na watu wake, wakiwa wamekasirika, wakiwa na hakika ya walichokiona.